Kamba ya wakati: mwongozo kamili wa kufundisha historia darasa la III hadi la VI

Muulize mtoto wa darasa la V Tanganyika ilipata uhuru lini, atakujibu "tarehe 9 Desemba 1961" bila kusita. Sasa muulize kama bibi yake alikuwa amezaliwa siku hiyo. Ananyamaza. Muulize kama Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa Vita vya Maji Maji vya 1905, na Mwalimu Nyerere waliwahi kukutana. Wengi watasema ndiyo, kwa sababu wote wawili wako "zamani", na kwa mtoto zamani ni chumba kimoja ambamo kila mtu aliyekufa anaishi.

Walimu wengi huyatibu makosa haya kwa kuongeza tarehe za kukariri, na hali inazidi kuwa mbaya. Tatizo si kumbukumbu. Mtoto hana kipimo cha wakati, na 1905 kwake ni namba tu kama namba ya simu. Mpe urefu anaoweza kuushika na kuutembea, kisha tarehe zitapata mahali pa kukaa.

Mwongozo huu unajenga kipimo hicho kwa kamba moja ukutani. Unahitaji vipindi sita vya dakika 40, ambavyo vinaweza kuenea wiki mbili au tatu. Unafaa kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na unaingia vizuri pia pale Hisabati inapofundisha kutoa na kupima urefu.

## Vifaa

Kwa darasa la watoto 45:

- Kamba ya katani au ya pamba, mita 9, isiyovutika. Epuka nailoni nyembamba na mpira, kwa sababu zikivutwa vipimo vyote vinahama.
- Kamba ya pili ya mita 10, yenye fundo kila baada ya mita 1, kwa kazi ya uwanjani.
- Karatasi za manila 5. Karatasi ya sentimita 60 kwa 80 hutoa kanda 16 zenye upana wa sentimita 5, au kadi 32 za sentimita 10 kwa 15. Pima za kwako kabla ya kukata, maana ukubwa hutofautiana kwa duka na duka.
- Vibanio vya nguo 40, vya mbao au plastiki.
- Maka peni rangi mbili: nyeusi kwa matukio ya nchi, nyekundu kwa matukio ya familia na kijiji.
- Rula ya ubaoni ya mita 1, na futi ya fundi cherehani.
- Misumari 5 au 6. Kama ukuta ni wa zege na haupigiki, funga kamba kwenye nondo za madirisha.
- Sarafu kuukuu zozote zitakazopatikana. Matumizi yake yako hatua ya 6.

Huna manila? Maboksi ya sabuni yaliyokatwa vizuri yanatosha, tena hayakunjiki upepo ukivuma.

## Kipimo kimoja, usikibadilishe

Mwaka 1 ni sentimita 5. Miaka 20 ni mita 1.

Tumia kipimo hiki kwenye kanda za watoto, kwenye kamba ya ukutani na uwanjani. Kosa linaloharibu kazi hii kuliko yote ni kubadili kipimo katikati kwa sababu ukuta ni mfupi. Ukifanya hivyo, mtoto ataona Vita vya Maji Maji viko jirani na Uhuru, na atakuwa ameona sawasawa, kwa sababu wewe ndiye uliyeviweka hapo. Ukuta ukiwa mfupi, pindisha kamba konani uendelee na ukuta wa pili.

Hesabu zote za hapa zimeanzia mwaka 2025. Kwa kila mwaka uliopita baada ya hapo, ongeza sentimita 5.

## Hatua ya 1: Pima wanachokijua (dakika 20)

Gawa darasa katika vikundi 9 vya watoto watano. Kila kikundi kipate kadi 5 zisizo na mwaka:

- Mwalimu wetu wa darasa alizaliwa
- Tanganyika ilipata uhuru
- Vita vya Maji Maji vilianza
- Vasco da Gama alifika Mombasa
- Watu wa kale waliacha nyayo Laetoli

Waambie wazipange sakafuni kuanzia ya zamani zaidi. Wakimaliza, waambie wazisogeze: matukio yaliyo karibu kwa wakati yakae karibu, yaliyo mbali yakae mbali.

Sehemu hii ya pili ndiyo yenye habari. Karibu kila kikundi kitaacha nafasi sawa kati ya kadi zote, kama viti vya darasani. Chora walivyopanga kwenye daftari lako, kikundi kwa kikundi. Mchoro huo utauhitaji mwishoni.

Usisahihishe chochote siku hii. Ukisahihisha, watakariri mpangilio wako, na hutajua tena nani ameelewa na nani ameiga.

## Hatua ya 2: Ukanda wa maisha ya mtoto (kipindi 1)

Kila mtoto apate ukanda wa sentimita 60. Achore mstari wa wima kila baada ya sentimita 5, kisha aandike miaka kuanzia mwaka wake wa kuzaliwa, upande wa kushoto, hadi mwaka huu upande wa kulia.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na walimu hulaumu uzembe wakati kosa ni la hesabu. Mwaka uandikwe kwenye mstari, usiandikwe ndani ya kisanduku. Mtoto aliyezaliwa 2016 akiandika miaka ndani ya visanduku kufikia 2025 atapata visanduku 10, yaani sentimita 50, wakati ana umri wa miaka 9. Akiandika kwenye mistari, mistari ni 10 lakini nafasi kati yake ni 9, na urefu ni sentimita 45. Onyesha jambo hili ubaoni kwa vidole vya mkono mmoja: vidole vitano, mianya minne.

Kisha aweke matukio matatu au manne: alipoanza shule, walipohama, mdogo wake alipozaliwa, mafuriko yalipokuja.

Angalizo la utu. Darasani kuna watoto wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa, waliofiwa na wazazi, na wanaolelewa na watu wasio ndugu. Usidai tukio la familia. Sema "chagua jambo lolote unalolikumbuka", na mwaka wa kuzaliwa uchukue kwenye rejesta ya shule. Usiwaagize kusoma kanda zao mbele ya wenzao, anayetaka ajitokeze.

Dalili ya mafanikio: mtoto anakuwekea kidole kwenye ukanda na kusema, "Hapa nilikuwa na miaka minne," bila kuhesabu upya tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Mahojiano na mzee (kazi ya nyumbani, siku 3 au zaidi)

Mpe kila mtoto maswali manne yaliyoandikwa. Afanye mazoezi darasani kwanza, mmoja akiigiza mtoto na mwenzake mzee, kuanzia kwenye "Shikamoo". Mtoto asiyejua kuanza mazungumzo na mtu mzima atarudi na karatasi tupu.

1. Bibi (au babu), ulipokuwa na umri kama wangu, mlikuwa mnaishi wapi?
2. Ni jambo gani kubwa lilitokea nchini unalolikumbuka kwa macho yako?
3. Wakati huo ulikuwa mkubwa kiasi gani? Ulikuwa umeanza shule? Umeolewa au umeoa?
4. Kuna kitu chochote kilichobaki kutoka wakati huo?

Angalia kwamba hakuna swali la "ulizaliwa mwaka gani". Baadhi ya wazee hawaujui kwa tarakimu, na kuulizwa na mtoto mdogo kunaweza kuwaaibisha bila sababu. Wazee huhesabu miaka kwa matukio, na kazi ya darasa ni kuyageuza matukio hayo kuwa miaka. Bandika orodha hii ukutani iwasaidie:

- Operesheni Vijiji: 1973 hadi 1976
- Vita vya Kagera, "vita vya Iddi Amini": 1978 hadi 1979
- Kuzama kwa MV Bukoba: Mei 1996
- Mvua za El Nino: 1997 hadi 1998
- Kifo cha Mwalimu Nyerere: 14 Oktoba 1999

Mfano wa kugeuza: babu anasema wakati wa Operesheni Vijiji ndipo alipoanza shule. Kama alianza akiwa na miaka 7 hadi 9, alizaliwa kati ya 1964 (1973 toa 9) na 1969 (1976 toa 7). Usimlazimishe mtoto achague mwaka mmoja. Aandike "kati ya 1964 na 1969". Kadi hiyo itaning'inizwa kwenye kipande cha kamba chenye urefu wa sentimita 25, kwa vibanio viwili, kimoja kila mwisho. Mtoto akiona kadi ya babu imeshikwa sehemu mbili, ameshajifunza jambo ambalo vitabu vingi vya kiada havimwambii: kwamba mengine tunayajua kwa kukadiria, na kukadiria kuna mipaka yake.

Wazee wawili wakitofautiana, weka kadi zote mbili na alama ya kuuliza. Usiamue nani ni mkweli mbele ya watoto, maana maneno yatafika nyumbani kabla ya kengele ya jioni.

## Hatua ya 4: Kufunga kamba ukutani (nusu kipindi)

Kazi ya kupima ifanyike sakafuni, kamba ikiwa imenyooshwa, kabla ya kupandishwa. Kamba ikishaning'inia hupinda katikati, na ukipima juu yake hupati urefu wa kweli.

1. Acha sentimita 80 upande wa kulia: 50 za kufungia na 30 za akiba.
2. Funga utepe mwekundu hapo. Hapo ndipo LEO.
3. Kutoka LEO kwenda kushoto, weka alama ya maka peni kila sentimita 50 (miaka 10), na uzi wa rangi kila mita 1 (miaka 20).
4. Endelea hadi mita 7. Kipande kitakachobaki ni cha kufungia upande wa pili.
5. Pandisha kamba kwenye kimo cha macho ya watoto, kama sentimita 120 kutoka sakafuni, ukiishikiza kwa msumari kila mita moja na nusu.

Kimo ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Chati nyingi hutundikwa karibu na dari ili zisichezewe, na matokeo yake hakuna anayezisoma. Kamba hii imekusudiwa kuguswa.

Wakati uliopita uwe kushoto, LEO iwe kulia, kwa sababu watoto wanasoma kutoka kushoto. Madarasa yanayopokezana chumba asubuhi na mchana yanaweza kuvua kadi kila siku na kuziweka kwenye boksi. Kamba yenyewe ibaki.

## Hatua ya 5: Kadi za matukio (kipindi 1 na nusu)

Mbele ya kadi andika sentensi moja isiyozidi maneno manane, au mchoro. Mwaka uandikwe nyuma. Ukiuandika mbele, watoto watapanga namba badala ya kufikiri juu ya matukio, na utadanganyika kwamba wameelewa.

Anza na kadi hizi, kwa umbali kutoka LEO:

- 1999, kifo cha Mwalimu Nyerere: mita 1.30
- 1978, Vita vya Kagera vyaanza: mita 2.35
- 1967, Azimio la Arusha: mita 2.90
- 1964, Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano: mita 3.05
- 1961, Uhuru wa Tanganyika: mita 3.20
- 1954, chama cha TANU chaanzishwa: mita 3.55
- 1922, Julius Nyerere azaliwa Butiama: mita 5.15
- 1905, Vita vya Maji Maji vyaanza: mita 6.00
- 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, afariki: mita 6.35
- 1891, Wahehe wawashinda Wajerumani Lugalo: mita 6.70
- 1885, Wajerumani watangaza himaya yao: mita 7.00

Usiwape watoto vipimo hivi. Wape mwaka, wao watoe mwaka huo kwenye 2025, wazidishe kwa 5, wagawe kwa 100, kisha wapime kwa rula. Darasa la III bado linayumba kwenye kutoa kwa kukopa, kwa hiyo wao watumie alama za miaka 10 zilizo kwenye kamba na wahesabu kwa vidole kinachobaki.

Ongeza kadi nyekundu za familia kutoka hatua ya 3, na angalau kadi tatu za mahali penyewe: shule ilipojengwa, kisima kilipochimbwa, umeme au barabara ilipofika. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kumbukumbu za shule zitakusaidia. Bila kadi nyekundu kamba hii inakuwa chati nyingine ya wizara. Zikiwepo, mtoto anaona bibi yake amening'inia sentimita chache kutoka kwa Uhuru, na hapo historia inakuwa mali yake.

Walimu wa Kenya mnaweza kubadilisha kadi nyeusi: 1901 reli kutoka Mombasa yafika Ziwa Viktoria, 1952 hali ya hatari yatangazwa, 1963 Uhuru, 2010 Katiba mpya. Kipimo ni kilekile.

### Maswali ya kuuliza mbele ya kamba

Kamba isipoulizwa maswali inabaki pambo. Haya yanafanya kazi:

*Kinjikitile na Nyerere waliwahi kukutana?* Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Nyerere alizaliwa 1922. Mtoto apime: sentimita 85, miaka 17. Atajibu mwenyewe.

*Nyerere alikuwa na umri gani siku ya Uhuru?* Kutoka mita 5.15 hadi 3.20 ni mita 1.95, yaani miaka 39. Watoto wengi hushangaa, kwa kuwa walidhani alizaliwa akiwa mzee mwenye mvi kama kwenye picha.

*Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Wahehe walisubiri muda gani?* Kutoka 1898 ni miaka 56, mita 2.80. Mwambie mtoto anyooshe mikono aone haifiki. Kisha muulize ni tukio gani jingine la 1954 lililo kwenye kamba.

*Aliyezaliwa Wajerumani walipotangaza himaya yao alikuwa na umri gani Maji Maji ilipoanza?* Mita 1, miaka 20. Swali hili ndilo mlango wa kufundisha sababu. Kijana wa miaka 20 wa Umatumbi alikuwa hajawahi kuishi nje ya dai hilo la Wajerumani. Alitozwa kodi, akashurutishwa kulima pamba katika shamba la pamoja, huku shamba la nyumbani likingoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa pamba.

Hapo simama uulize: kwa nini pamba, wala si bendera? Wape muda mrefu wa kujibu, hata dakika moja ya ukimya. Anayejibu "kwa sababu pamba ndiyo iliyokuwa inawatesa" ameelewa sababu za Maji Maji kuliko anayeziorodhesha zote tano za kitabuni.

Kuhusu ile dawa ya maji, iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, usiifundishe kama ujinga wa watu wa zamani. Uliza kwanza: watu wa makabila mengi wasio na jeshi moja wangeunganishwa na nini? Na usiishie kwenye risasi. Wengi waliokufa waliuawa na njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Kwa watoto wadogo sema hivyo kwa maneno machache na uendelee. Hawahitaji maelezo ya miili.

## Hatua ya 6: Tunajuaje? (kipindi 1)

Mtoto akishajua *lini*, lazima aulize *nani kasema*. Chanzo rahisi kuliko vyote ni sarafu, kwa sababu inabeba mwaka wake yenyewe.

Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966. Sarafu za kwanza zina sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili senti 5 ina samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi 1 ina mwenge. Ukipata hata tatu tu, zizungushe kwa vikundi na maswali matatu:

1. Unaona nini? (Wataje vitu tu, bila maelezo.)
2. Kimetengenezwa na nani, lini? Kitundikeni kwenye kamba.
3. Aliyekitengeneza alitaka watu wafikiri nini?

Swali la kwanza lipewe muda wake kamili. Watoto hukimbilia maana kabla ya kutazama, na anayeruka kutazama hubuni. Ukisikia "ni ya wakoloni" wakati sura ya Nyerere iko palepale, rudisha kikundi kwenye swali la kwanza.

Kadi ya zamani ya chama, picha ya harusi, stempu na cheti cha shule vinafaa vilevile. Kitu cha familia kipewe kibandiko cha jina la mtoto asubuhi, kishikwe mbele yako, kirudi nyumbani siku hiyohiyo. Kama ni cha thamani au ni pekee, kibaki nyumbani, mtoto akichore.

## Hatua ya 7: Kutoka nje (kipindi 1)

Ukuta unaishia 1885, na watoto huanza kuamini kwamba historia ilianza na Wajerumani. Kwa hiyo ukimaliza ukuta, toka nje ndani ya wiki hiyohiyo.

Unahitaji mita 35 zilizonyooka. Simamisha mtoto mwenye kadi ya LEO kwenye mlingoti wa bendera. Pima kwa ile kamba ya mafundo, ukiitandaza mara nne. Usipime kwa hatua za miguu, kwa sababu za kwako na za mtoto hazilingani. Simamisha watoto wenye kadi hapa:

- 1961, Uhuru: mita 3.20
- 1905, Maji Maji: mita 6.00
- 1873, soko la watumwa Zanzibar lafungwa: mita 7.60
- 1698, Waomani waitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa: mita 16.35
- 1593, Wareno waanza kuijenga ngome hiyo: mita 21.60
- 1498, Vasco da Gama afika Mombasa na Malindi: mita 26.35
- 1331, msafiri Ibn Battuta atembelea Kilwa: mita 34.70

Darasa litembee pamoja kutoka LEO, likisimama kwa kila mwenye kadi, naye asome kadi yake kwa sauti. Mkifika Kilwa, geukeni mtazame mlikotoka. Utawala wote wa kigeni wa Tanganyika, wa Wajerumani na wa Waingereza, kuanzia 1885 hadi 1961, ni mita 3.80. Waache waone wenyewe ulivyo mfupi.

Kisha elekeza macho kwenye pengo kati ya 1331 na 1498, mita 8.35 zisizo na mtu. Uliza: je, watu hawakuwepo? Usishangae darasa likijibu hawakuwepo. Hili ndilo kosa linalojificha ndani ya kila orodha ya tarehe. Waeleze kwamba Kilwa ilikuwa na sultani wake, ilitengeneza sarafu zake yenyewe, na jumba la Husuni Kubwa lilikuwa tayari limeanza kujengwa. Bara nako watu walilima, walichunga na kufua chuma. Nafasi iko wazi kwa sababu sisi hatujaweka kadi. Waruhusu watoto wawili watatu wasio na kadi wasimame hapo.

Mwisho, ile kadi ya Laetoli. Nyayo zile zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, na watafiti wa timu ya Mary Leakey walizifukua kuanzia 1978. Kwa sentimita 5 kwa mwaka, mtoto mwenye kadi hiyo anatakiwa asimame kilomita 180 kutoka mlingoti: ukitoka Dar es Salaam, unakaribia kuingia Morogoro. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai, la miaka milioni 1.75 hivi, liko kilomita 87.5, hata Chalinze hujafika. Tafuta mji ulio umbali kama huo kutoka shuleni kwenu, mji ambao watoto wameshaupanda basi kwenda, kwa sababu jina la mji wasioujua halitawasaidia.

Darasa lenye watoto zaidi ya 80 litolewe nusu kwa nusu. Wakitoka wote, walio nyuma hawasikii, na wasiosikia huanza mpira.

## Hatua ya 8: Pima tena (dakika 20)

Rudisha zile kadi 5 za hatua ya 1, vikundi vilevile, kamba ikiwa imefunikwa kwa khanga.

Mtoto aliyefaulu:

- anaweka kuzaliwa kwa mwalimu na Uhuru karibu, Maji Maji mbali kidogo, Vasco da Gama mbali sana;
- anasema ile kadi ya Laetoli haienei darasani, au anaipeleka nje mlangoni (kundi likifanya hivyo, limefika);
- anatumia "kama", "kati ya" na "kabla ya" badala ya "zamani za kale" kwa kila kitu;
- akipewa mwaka asiowahi kuusikia, mfano 1940, anaonyesha mahali pake kati ya matukio mawili anayoyajua.

Linganisha na michoro yako ya kwanza. Kikundi kilichobaki na nafasi sawa kati ya kadi kirudie hatua ya 2 na ya 7, kisirudie ya 5. Tatizo lao ni urefu, na kadi zaidi zitawachanganya.

## Yanayoharibika mara kwa mara

Watoto wanachanganya karne. 1905 ni karne ya 20, na mtoto anaona 19. Usiguse karne kabla ya darasa la V. Ukifika, funga utepe kwenye kamba mwishoni mwa 1900, mita 6.20 kutoka LEO, waone kwamba karne ya kwanza ni miaka 1 hadi 100, kwa hiyo ya ishirini ni 1901 hadi 2000.

Kadi zinarundikana kati ya 1954 na 1967. Ni kawaida, kwa sababu ni sentimita 65 tu. Shusha baadhi kwa uzi mrefu zining'inie chini. Usizisogeze pembeni.

Kamba inalegea. Katani hubadilika urefu kwa unyevu. Kaza upande wa kushoto, kisha hakiki alama ya mita 3.20 kwa rula. Ikiwa imehama zaidi ya sentimita 5, yaani mwaka mzima, pima upya.

Maka peni inapenya nyuma ya kadi na mwaka unaonekana mbele. Andika mwaka kwa penseli.

Mwaka unabadilika. Shule zikifunguliwa Januari, sogeza utepe wa LEO sentimita 5 kulia, kwenye zile 30 za akiba. Zinatosha miaka sita. Kadi nyingine zote zibaki zilipo. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa linaloingia, mbele ya wenzake, kisha waulize Uhuru sasa uko umbali gani.